Wino wa Arlys, Penseli ya Arlys

Sehemu ya Tisa

Ngazi ya kushukia chini ya kanisa la Haldvik, mji mdogo wa Dakota, ina vidato kumi na vitatu. Tulimwacha Arlys Tollefson kwenye kidato cha saba, trei ya keki ya limau mikononi, amekauka, kwa sababu huko chini LaVonne Brekke alikuwa ametoka kusema, "Kumbe kufuli lenyewe linafunguka kwa kibanio cha nywele."

Kwa wewe uliyekosa gazeti la wiki iliyopita kwa sababu shemeji yako alifungia samaki, sogea nikupe habari. Arlys ana miaka sitini na mmoja, ni mke wa mkulima, na kila jioni tangu aolewe ameandika shajara. Anatumia ile ya miaka mitano yenye kufuli dogo la shaba: ukurasa mmoja kwa tarehe moja, na ukurasa umegawanywa vyumba vitano, kila mwaka na chumba chake.

Jana mumewe, Milford, aliambiwa apeleke kanisani sanduku la vitabu vya kuuza kwenye mitumba ya Jumamosi. Mlangoni palikuwa na masanduku mawili. Moja la vitabu, na la pili la vitu ambavyo Arlys hakutaka mtu amuulize kwa nini amevifunga. Milford, mtu anayewatambua ng'ombe wake sitini kwa kutazama migongo yao tu, alibeba hilo la pili.

Na siri mnaijua. Arlys anaondoka. Anakwenda Tucson, mbali jangwani, kwa dada yake, Inez, ambaye amempa chumba chenye dirisha la mashariki. Hakuna mwanaume, hakuna ugomvi, hakuna kofi. Kuna miaka thelathini na minane ya kimya tu. Amepanga kumwambia Milford Jumapili baada ya ibada, kwa mdomo wake mwenyewe, kwa sababu mtu huyo hajawahi kumtendea ubaya na hastahili kuyasikia hayo kwa jirani. Leo ni Alhamisi. Zimebaki siku tatu, na shajara iko mikononi mwa LaVonne.

Arlys alishuka vile vidato sita vilivyobaki.

"Huyo hapo," alisema LaVonne, bila hata kujisumbua kuficha kitabu. "Karibu, mwenzangu. Tunakusoma."

Walikuwa wanawake kumi na mmoja, wamezungukwa na sweta za watu, taa za mezani zisizowaka na viatu vya kuteleza kwenye barafu. Walikuja kupanga mitumba. Hakuna aliyekuwa anapanga.

"Nipe kitabu changu, LaVonne."

"Si nitakupa. Lakini kwanza nisikilize. Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya kitabu cha miaka mia ya mji. Mwaka mzima nawaomba watu maandishi ya akina mama. Naletewa nini? Risiti za matrekta. Wewe umekaa na hazina hii ndani, halafu unaileta kwenye mitumba."

"Sikuileta. Milford alikosea sanduku."

"Basi Mungu hakukosea."

Msomaji, najua unachojiuliza. Kwa nini asimpokonye tu? Kwa sababu hujaishi Haldvik. Mimi nimekunywa kahawa ya chini ya kanisa hilo miaka ishirini, na ninakwambia huku mtu hampokonyi mtu kitu. Kipande cha mwisho cha keki kikibaki kwenye sahani, mmoja hukikata nusu na kuacha nusu, wa pili hukata nusu ya nusu, mpaka linabaki pande lisilomtosha sisimizi, na hilo nalo hutupwa ili asionekane mtu kalimaliza. Mwanamke wa Haldvik yuko tayari kuaibika kuliko kunyoosha mkono. LaVonne alilijua hilo, na alilitegemea.

Arlys aliweka trei mezani. Alikunja mikono.

"Mambo ya mtu hayasomwi, LaVonne," alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomponza.

"Historia haina mwenyewe," LaVonne alijibu, akafungua Januari.

Jamani, Januari. Nimewahi kusoma maelekezo ya mashine ya kufulia yaliyonisisimua kuliko Januari ya Arlys (na nyuzi za huku, ujue, maji huganda kwenye thelathini na mbili). "Nyuzi kumi chini ya sifuri, theluji. Nyuzi ishirini na nane, jua. Nimeoka mikate sita. Nimeoka mikate minne. Milford anakohoa. Milford mzima."

"Siku moja hiyo?" aliuliza mama mmoja. "Asubuhi theluji, mchana jua, na mtu kapona?"

"Dakota hii," alisema mwingine, na wote wakatikisa vichwa.

Shikilia hapo, msomaji, usiniache. Mikate sita na mikate minne kwa siku moja, kwenye nyumba ya watu wawili. Wanawake kumi na mmoja waliotumia maisha yao jikoni, na hakuna aliyeshangaa.

LaVonne aliruka kurasa akitafuta nyama. Akaipata.

"'Chakula cha pamoja kanisani. Delores ameleta jeli ya kijani yenye karoti. Nimeila kwa ajili ya Bwana.'"

Delores Stenerud, ambaye jeli hiyo ni yake na ya mama yake kabla yake, aliweka chini taa aliyokuwa ameshika.

"Kwa ajili ya Bwana?"

"Delores, ilikuwa zamani," alisema Arlys.

"Lakini uliniomba maelezo ya kuipika."

"Nilikuomba kwa heshima."

"Nikakunakilia kwa mkono. Kadi mbili, mbele na nyuma. Mwaka mzima ulikuwa ukiniambia umeijaribu."

Arlys alikuwa ameijaribu kwa mbwa, na mbwa alikuwa na msimamo wake.

"Na mimi?" sauti ilitoka kwenye kiti cha pembeni. "Mimi kaniandika nini?"

Huyo ni Bibi Orpha Nygaard, miaka themanini na minane, aliyewafundisha nusu ya mji kusoma na kuwapiga rula nusu iliyobaki. LaVonne alipekua. Akapekua tena.

"Bibi, sikuoni."

"Tazama Machi. Machi nilivunjika nyonga."

"Machi... 'Nyuzi ishirini. Ndama wawili wamezaliwa, mmoja ana doa jeupe.'"

"Ndama wameandikwa?"

"Wawili."

"Na nyonga yangu?"

"Haimo, Bibi."

Bibi Orpha alimgeukia Arlys. Delores alikuwa amekasirika, lakini Bibi Orpha aliumia, na hapo ndipo nilipojifunza kitu kuhusu binadamu. Mtu anaweza kukusamehe ukimwandika vibaya. Usipomwandika kabisa, umemzika.

"Nililala hospitali wiki sita," alisema. "Uliniletea supu."

"Nilikuletea, Bibi."

"Supu ukaileta, wino ukaninyima."

Basi kila mtu akaanza. Mimi je? Nitafute kwenye harusi ya Karsten. Nitafute mwaka wa mafuriko. Wanawake ambao dakika tano zilizopita walikuwa wakisema kusoma shajara ya mtu ni dhambi, sasa walikuwa wamejipanga foleni kuulizia dhambi hiyo kama imewafikia na wao.

Arlys aliona upenyo. Mwanamke huyu si mjinga.

"Nipe mimi, LaVonne. Mwandiko wangu mbaya, utakesha. Mimi najua kila mtu yuko wapi, nitawatafutia mmoja mmoja."

LaVonne alisita. Mkono ulianza kunyooka. Kitabu kilikuwa kimebakiza shubiri mbili kufika kwa mwenyewe, na Arlys tayari alikuwa akihesabu vidato kumi na vitatu vya kutokea.

"Usimpe," alisema Bibi Orpha. "Ataruka."

Mkono ukarudi. Kitabu kikafunguka penye utepe, na utepe, kama mjuavyo, hukaa pale mwenye shajara alipoandika mara ya mwisho.

"Tarehe kumi na nne Oktoba," alisoma LaVonne. "Hii ya chini kabisa imebanana, mistari juu ya mistari. Ngoja." Akasogea chini ya taa ya dari, ambayo huwaka nusu na kupumzika nusu. "'Gordon Brekke amekuja kuonyesha mbegu.' Ahaa, Gordon wangu huyo. 'Leo nimejibu ndiyo.'"

Mtu alicheka kidogo, kwa mazoea tu.

"'Milford yuko mjini. Naondoka kabla ya theluji. Gordon amekunywa vikombe vitatu vya kahawa na amekaa mpaka saa sita.'" Sauti ya LaVonne ilikuwa inapungua kasi, lakini macho yalishatangulia na mdomo ulikuwa unayafuata. "'Nguo zangu zimo kwenye sanduku la bluu chini ya kitanda. Milford bado hajui.'"

Mchimba shimo huingia mwenyewe, walisema wazee. Lakini wazee hawakuwahi kumwona mchimbaji akiingia mbele ya mashahidi kumi, huku akisoma kwa sauti.

Birika kubwa la kahawa lilichemka peke yake kwenye kona.

Sasa nisimame hapa niwafungulie. Watu wa Haldvik hawatupi kitu. Mfuko wa mkate huoshwa na kuanikwa, utepe wa zawadi hupigwa pasi. Arlys alipomaliza miaka yake mitano kwa wino, mwaka sabini na saba mpaka themanini na moja, alikitazama kile kitabu kizuri cha ngozi na roho ikamuuma. Kinunuliwe kingine, na hiki kina nafasi kati ya mistari? Akachonga penseli. Miaka mitano ya pili akaiandika humo humo, juu ya ile ya kwanza, mwaka themanini na mbili mpaka huu wa themanini na sita. Wino wake wa bei ya chini ukafifia, penseli yake ikakolea, na chini ya taa ya kanisa huwezi kujua kipi ni kipi. Gordon alikunywa ile kahawa miaka mitano iliyopita. Neno "ndiyo" ndilo la juzi, la kumjibu Inez.

Arlys angeweza kulisema hilo kwa sentensi mbili, na jina lake likawa safi. Lakini fikiri. Akishasema wino ni wa zamani, atakuwa amesema penseli ni ya juzi. Akijivua Gordon, anabaki na Tucson. Alifumba mdomo, akaomba Milford, aliyekuwa amemleta kwa gari, awe ameshaondoka.

Milford alikuwa anashuka ngazi.

Alikuwa ameshika ncha moja ya meza ya kukunja. Ncha nyingine, akishuka kinyumenyume, alikuwa Gordon Brekke.

"Wapi hii?" aliuliza Gordon.

"Weka chini, Gordon," alisema mkewe.

"Hapa hapa? Mchungaji alisema karibu na—"

"Weka chini."

Gordon aliweka. Ni mtu mnene, mkunjufu, muuza mbegu, anayeweza kukueleza kwa robo saa jinsi alivyopata matairi manne kwa bei ya matatu. Hajawahi katika maisha yake kushukiwa jambo lolote la kuvutia.

"Gordon, nikuulize mbele ya watu hawa. Unaondoka na Arlys kabla ya theluji?"

Gordon alimtazama LaVonne. Alimtazama Arlys, aliyevaa aproni yenye picha za kuku. Alitazama dari.

"Mwaka huu?" aliuliza.

"Unauliza mwaka?"

"Mpenzi, nimeshtuka. Sikujua niseme nini."

"Sema hapana."

"Hapana. Nasema hapana." Lakini alishachelewa, na kila mwanamke mle ndani aliona kwamba alipokuwa amechelewa alikuwa pia ameingiza tumbo ndani.

LaVonne alinyanyua kitabu. "Arlys, huu ni mwandiko wako?"

"Ni wangu."

"Kuna sanduku la bluu chini ya kitanda chako?"

Watu wa huku hawasemi uongo, msomaji. Wao huacha kusema tu, na ni kazi wanayoiweza. Lakini swali lilikuwa limeulizwa kanisani, mbele ya watu, na jibu lake lilikuwa moja.

"Lipo," alisema Arlys.

Delores alikaa juu ya rundo la sweta.

"Milford," alisema LaVonne, na sasa sauti ilikuwa inatetemeka kweli; ni rahisi kumcheka LaVonne mpaka uone machozi yanamlenga. "Milford, umesikia. Huna la kusema?"

Milford Tollefson alikuwa amepiga goti, akikunjua miguu ya meza. Aliitikisa.

"Haijakaa sawa," alisema.

Akachana kipande cha boksi, akakikunja mara mbili, akakisukuma chini ya mguu mmoja. Akatikisa tena. Alifanya yote hayo polepole na vizuri. Lakini Arlys aliyaona masikio yake. Yalikuwa mekundu mpaka kwenye kola. Siku ya mazishi ya mama yake yalikuwa hivyo hivyo, na siku ile pia alikuwa ametengeneza kitu, mlango wa stoo.

Aliamini. Hilo ndilo lililomchoma Arlys kuliko LaVonne na mji mzima. Alikuwa tayari kumwacha mtu huyu. Hakuwa tayari kumwacha akidhani ameshindwa na Gordon Brekke.

Alifungua mdomo. Lakini mwingine alimtangulia.

"Leteni hicho kitabu huku," alisema Bibi Orpha. "Mikate sita na mikate minne. Nimeiwaza tangu Januari."

Alitoa mfukoni kioo chake cha kusomea Biblia, kile chenye mpini wa pembe. LaVonne akampelekea, mwalimu akikuita unakwenda, hata ukiwa na miaka hamsini na nane na ndoa inaungua. Bibi Orpha akainama mpaka pua ikagusa karatasi.

"Hivi nyie mlisoma shule gani?" alisema. "Ah, mlisoma kwangu. Aibu yangu. Hapa kuna wino, na hapa kuna penseli. Mnasoma miaka miwili kwa pumzi moja. Mimi mwenyewe nafanya hivi, nina shajara nimeipitia mara tatu. Kitabu kizima kitupwe kwa sababu tu miaka imeisha?"

"Hata mimi ya kwangu nafanya," alisema mama mmoja.

"Na mimi. Ya pili naandika kwa nyekundu," alisema mwingine.

Kumbe wote. Mji mzima ulikuwa unaandika juu ya maandishi yake, kila mtu akidhani ni ubahili wake peke yake. Isipokuwa LaVonne, ambaye hununua mpya kila Krismasi, na sasa ilibidi aseme hivyo kwa sauti ndogo.

"Basi ndiyo maana," alisema Bibi Orpha. "Gordon ni wino. Miaka mitano imepita. Kahawa aliyokunywa ilishakwenda zake."

Mnaweza kufikiri kilichotokea. LaVonne aliketi, akapangusa macho kwa soksi ya mitumba. Delores akampigapiga mgongo. Mtu akakimbilia kumimina kahawa. Gordon alisema, "Nilisema hapana," na alisema kwa huzuni kidogo, kama aliyevuliwa koti zuri aliloazimwa.

"Arlys, mwenzangu, nisamehe," alisema LaVonne. "Nilidhani wewe na Gordon."

"LaVonne, hata wangebaki wanaume wawili tu duniani na wa pili amekufa, nisingekwenda na Gordon."

"Jamani, mimi nipo hapa," alisema Gordon.

Watu walicheka, na Arlys akacheka nao, akasogea kwa Bibi Orpha, akanyoosha mkono. Ndiyo, aliunyoosha. Alikuwa amebakiza hatua moja.

Bibi Orpha hakukiachia kitabu.

"Wino ni wa zamani," alisema taratibu. Jicho lake moja lilikuwa kubwa nyuma ya kioo. "Basi penseli ndiyo ya juzi. Juzi umejibu nini ndiyo, Arlys?"

Bibi huyo hakuwa na ubaya. Walimu hawana ubaya, wanataka jibu tu.

Kicheko kilikatika. Kila mtu alirudi kichwani mwake na kuisoma upya, safari hii bila Gordon. Naondoka kabla ya theluji. Nguo zangu zimo kwenye sanduku. Milford bado hajui.

Milford alisimama. Magoti yake yalilia, na mle ndani yalisikika vizuri.

"Hiyo penseli ni ya juzi?" aliuliza.

Arlys alijaribu kukumbuka mara ya mwisho mumewe alipomuuliza kitu kisichohusu jembe, funguo au chakula. Hakukumbuka.

"Ya juzi, Milford."

"Unakwenda wapi?"

"Tucson. Kwa Inez."

"Mpaka lini?"



"Na nani?" Delores alidakia, maana Delores alikuwa na deni la jeli moyoni. "Tucson unakwenda na nani?"

"Peke yangu."

"Peke yako?" Hapo, msomaji, ndipo ulipowaka moto wa kweli. Mwanamke akitoroka na muuza mbegu, mji una maneno yake, una nyuso zake, na mwaka ukipita una msamaha wake. Mwanamke akiondoka na sanduku tu, hakuna mahali pa kumweka. "Peke yako ukafanye nini?"

"Nikae."

"Ukae na nani? Utakula na nani, Arlys, kwenye jangwa huko?"

"Delores, nimekula peke yangu miaka thelathini na minane. Tofauti ni kwamba mezani kulikuwa na mtu."

Aliposema hivyo alijuta papo hapo. Neno lilimpita Delores, likampita LaVonne, likaenda moja kwa moja kwa Milford, aliyepaswa kuambiwa Jumapili, kwa upole, ndani ya gari, bila watu. Alitamani kulirudisha. Kila jioni alikuwa ameandika nyuzi na mikate kwa sababu hakuna aliyemuuliza siku yake ilikuwaje, na leo, siku ya kwanza kuulizwa, amejibu kwa kisu.

"Milford," alisema, "nilitaka nikwambie mwenyewe. Jumapili. Wallahi nilipanga."

Nimeandika wallahi kwa sababu alichosema yeye kwa Kinorwe cha bibi yake hakifai chini ya kanisa.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, na cha Milford kilikuwa na umri wa ndoa nzima. Wote walisubiri mshindo. Gordon alisogea nyuma ya meza, kwa usalama.

Milford alipangusa mikono kwenye ovaroli. Akaenda kwa Bibi Orpha, akakichukua kitabu mkononi mwake. Hakuomba. Alichukua tu, na watu wakashika vifua; nina hakika hadi leo wengine wanakumbuka hilo kuliko yote. Bibi mwenyewe alikiachia kama mtoto aliyekutwa na peremende.

Kwenye mfuko wa kifuani wa ovaroli, mkulima wa huku hukaa na kipande cha penseli cha kuandikia uzito wa ndama. Milford akakitoa. Akageuza ukurasa mmoja, akageuza wa pili, akafika tarehe kumi na sita Oktoba, leo. Akakiweka kitabu juu ya ile meza, ambayo sasa ilikuwa imekaa sawa, akainama.

"Anafanya nini?" LaVonne alinong'ona.

"Anaandika," alisema Delores.

"Milford?"

Aliandika kwa herufi kubwa, akibana ulimi kwenye kona ya mdomo. Haikuchukua dakika. Akapuliza makombo ya penseli, akafunga kufuli kwa kidole gumba, akakiweka kitabu mikononi mwa mkewe. Alimtazama usoni kidogo, si sana. Akavaa kofia, akapanda ngazi, vidato kumi na vitatu, bila kukimbia na bila kugeuka.

"Fungua," alisema LaVonne. "Kibanio hiki hapa."

"Tusomee," alisema Delores.

"Mimi kanitaja?" aliuliza Bibi Orpha.

Arlys aliwapa mgongo wote. Hakuhitaji kibanio, ufunguo alikuwa nao shingoni. Alifungua penye leo, chumba cha chini, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kuandika akakuta mwandiko usio wake.

"Nyuzi 34. Mawingu. Asubuhi hii nimeuza ng'ombe wote. Arlys bado hajui."

Huko juu, pikapu iliwaka. Alisubiri aisikie ikikunja kushoto, njia ya nyumbani. Ilikunja kulia.